Madini Kinywani mwa Bi Pawlak

Jumanne moja, wafanyakazi wa ofisini walipokuwa wakitoka kwenda kula, Bernadette Pawlak alisimama kwenye ngazi za jumba la halmashauri ya mji wa Kessler Bend, Ohio, akaanza kuzungumzia maji. Mjukuu wake Toby alikuwa amepimwa damu ikakutwa na madini ya risasi, yatokayo katika mabomba ya mtaa wao. Mwezi huo halmashauri ingepiga kura mabomba hayo yabadilishwe au yaachwe.

Maneno yalimtoka yakiwa ya madini yaleyale. Kila moja lilidondoka na herufi zake kamili, likatua kwa kishindo. Wapita njia waliyakwepa kama wanavyokwepa kinyesi cha mbwa.

Otis, mfagiaji wa mji, aliyapakia kwenye toroli.

"Bibi, leo umeongea. Mgongo huu si wa serikali, ujue."

"Yasome basi kabla hujayamwaga."

"Thubutu. Anayesoma anafukuzwa kazi. Sheria haina upendeleo, bibi."

Alisema kweli. Halmashauri ilikuwa imepitisha sheria ndogo iliyomkataza mtu yeyote kuangusha vitu vizito, kwa mkono au kwa kinywa, kwenye njia za watu saa za kazi. Sheria hiyo ilimhusu muuza maua, mhubiri na bwana harusi kwa usawa, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kinywa cha namna hiyo.

Bi Pawlak alikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Bwana Stroud, wakili wa mji, alikuja na mizani.

"Mheshimiwa, sisi tumeyapima tu. Yanasema nini hatujui, wala hatutaki kujua. Hiyo ndiyo heshima yetu kwa huyu mama."

"Yanasema mtoto anakunywa sumu," akasema Bi Pawlak. Maneno yakaanguka mezani, yakapasua glasi ya wakili.

Jaji aligeuza uso upesi, asije akayasoma.

"Na hayo yapimwe," aliagiza.

Hukumu ilieleza kwamba sheria hiyo haikujali kilichosemwa; kwamba usalama wa njia ni jambo kubwa; kwamba katazo halikuvuka mahitaji ya usalama huo; na kwamba mlalamikaji ameachiwa nafasi pana kwingineko, yaani kiwanja kilicho nyuma ya mitambo ya majitaka, Jumapili alfajiri. Wanasheria waliisifu hukumu hiyo kwa usafi wake. Ilikuwa safi kweli, kama mikono ya mtu ambaye hajawahi kugusa kitu.

Bwana Stroud alimfuata Bi Pawlak mlangoni kumpongeza.

"Na wewe umeshinda, mama. Kule utaongea mpaka uchoke."

"Atanisikiliza nani kule, kunguru?"

"Kunguru nao wanaruhusiwa kusikiliza."

Halmashauri ilipokutana, katibu aliandika kuwa hakuna mkazi aliyesikika akipinga. Mabomba yakaachwa kwa miaka kumi mingine.

Jumapili Bi Pawlak alikwenda kiwanjani. Afisa wa mji alikuwa amekwisha kufika na utepe wa kupimia. Alihakikisha kwamba bibi amesimama ndani ya mstari wa chokaa, akaandika kwamba uhuru wa kusema umeheshimiwa kikamilifu. Kisha akampa ishara aanze.

Bibi alilitaja jina la Toby. Likaanguka topeni, likaanza kuzama, na afisa akasogeza kiatu chake.