Mlango wa Desma

Nakutegea, na usikimbilie kunipa mji: nina mlango mmoja, viingiavyo ni vyakula, vitokavyo ni maneno.

Umepata? Mdomo. Basi mlango wa Desma, mke wa mjukuu wangu Prasetyo, ulifungwa pande zote mbili. Chakula hakiingii, neno halitoki. Na tumboni ana mimba ya miezi mitano.

Pras alimwoa mjini Payakumbuh, kule Sumatra ng'ambo ya bahari, akamleta kwangu hapa Semarang, kisiwani Java. Mchana hujitahidi na uji. Jioni ikifika, anaichokoa sahani kama kuku aliyeshiba. Mkunga alimpima, akaguna. Mama yake akapiga simu: "Kama huko hali chakula, nirudishieni mwanangu ajifungulie kwetu. Jumapili nataka jibu."

Pras akamgeukia mkewe. "Wewe wasemaje?"

"Vyovyote mtakavyoona," akasema Desma, macho chini.

Nami nikawaza: Kitukuu wangu wa kwanza, nimwone kwenye picha ya simu?

"Mimba imechukia jiko lako, dada," jirani yangu Warsiti akaniambia juu ya ukuta, huku anaanika nguo. "Mtoe. Mji wote huu watu wanakula nje, kila mtaa na jambo lake. Mpeleke Peterongan akanywe supu ya kuku. Ila pilipili usimpe, mtoto atatoka na macho mekundu."

Tukaanza na Peterongan. Supu ile huletwa kwenye kibakuli kidogo kama cha mtoto, ukimaliza unaagiza kingine, na watu hujivunia vibakuli walivyopanga mezani. Nikaagiza kwa niaba yake, nikammiminia sosi ya soya kutoka chupa niliyobeba, ile nyeusi tamu kama asali. Desma akanywa nusu. "Nzuri, Bibi."

Kesho yake Simpang Lima, kula tofu na kamba wa kukaanga chini ya hema, magari yakizunguka uwanja. Nikamchagulia, nikammiminia sosi. "Nzuri, Bibi." Kesho yake tena tukapanda mlimani Candi, kwenye mkahawa mmoja wenye viti vya kitambaa, ambako Pras alisema taa za bandari zinaonekana hadi chini. Taa tuliziona. Chakula kilirudi jikoni.

Kila tukitoka nyumbani namuuliza, "Tule wapi leo, mwanangu?"

"Popote, Bibi."

Kwetu Java mtu mwenye adabu hajibu mara ya kwanza. Unamsukuma mara tatu, ndipo atoe lililo moyoni. Huyu nilimsukuma hadi nikachoka mimi.

"Bibi," Pras akalalamika, "mji huu tumebakiza kituo cha polisi tu hatujala."

Alhamisi akaja mbio, uso umechangamka. "Nimejua! Anataka cha kwao!" Akatupeleka kwenye mkahawa wa watu wa Padang, Sumatra ile ile ya kwao Desma, karibu na stesheni. Mhudumu akatoka na sahani zimepandana mkononi hadi begani, akazitandaza mezani zote. Pale huagizi. Unalipa ulichogusa, kingine kinarudi. Desma akamega nyama moja, akatafuna polepole.

"Vipi?" Pras akauliza, amekaa ukingoni mwa kiti.

"Nyama hii imekaa sana Java," akasema mkewe kwa sauti ndogo. "Imekuwa tamu. Imesahau kwao."

Pras akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikamtazama yule msichana. Kumbe ndani mle mna maneno! Lakini akanawa mkono, sahani zikarudi.

Jumamosi Warsiti akanitajia mahali pa mwisho: mashariki mwa mji, Genuk, kwa Bi Tumirah apikaye samaki wa moshi kwa tui la nazi. Nyumba ya mbao, meza mbili, ukuta mweusi kama sufuria. Mwenyewe amekaa kwenye kigoda mbele ya kuni, kavu kama kijiti.

Nikainuka na sahani kumpakulia Desma, kama kawaida yangu.

"Wewe kikongwe, unakwenda wapi?" Bi Tumirah akafoka.

"Nampakulia mjukuu."

"Mikono yake imekatika? Hapa kila mtu anaingia jikoni kwangu na sahani yake. Mwenye tumbo ndiye ajuaye linataka nini. Keti!"

Niliketi, na chupa yangu ya sosi mkononi. Pras akaninong'oneza, "Bibi, tangu afike hajapakua hata wali mwenyewe." Nikamwambia anyamaze.

Desma akaingia kwenye moshi. Tukamwona anafunua chungu cha kwanza, ananusa, anafunika. Cha pili hivyo hivyo. Kwenye cha tatu akainama, akatoa kichwa cha samaki. Kisha akachota pilipili mbichi zilizopondwa, kijiko, na kingine, na kingine.

"Macho mekundu!" nikapiga kelele.

"Atazaliwa analia, kama watoto wote," akasema Bi Tumirah. "Chukua na majani ya muhogo, binti."

Akala. Jasho likamtoka, pua ikamchuruzika, akainuka mwenyewe kuongeza. Hata mifupa aliinyonya. Sosi yangu nikaimimina kwenye wali wangu mwenyewe.

Jumapili jioni simu ya Payakumbuh ikalia. Pras akaipokea, akaiweka mezani, sauti ya mkwe wake ikajaa chumba: "Haya, mmeamuaje?" Pras akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Desma, nami sikuwa na swali jingine zaidi ya lile lile.

"Mwanangu, leo tule wapi?"

Desma akajifunga kitambaa kichwani, akaisogelea simu ili mama yake naye asikie.

"Kwa Bi Tumirah, Bibi. Na mama akija hapa nitakapojifungua, tutampeleka huko huko. Ila sahani yake atapakua mwenyewe."