Behewa la Mzee Kashaija

Mwaka wa sabini na sita nilikuwa bado na magoti. Siku hizi nina vitu viwili vinavyolalamika nikiinama.

Baba mkwe wangu, Mzee Kashaija, alikuwa seremala wa reli Tabora miaka ishirini na saba, kisha akarudi kwetu Muleba na msumeno, kikohozi na hadithi. Siku moja alishuka gatini Kemondo kununua samaki, akakuta kwenye kipande cha reli cha pale gatini behewa bovu la mbao, lililoletwa na meli zamani na kusahauliwa. Akapapasa mbao zake. Akarudi bila samaki.

"Lile nililitengeneza mimi," akasema. "Wanataka kulikata wauze chuma."

Akarudi gatini kumwomba bwana mkubwa wa pale. Akajibiwa: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, likitembea kwa magurudumu yake mpaka mwisho wa reli, kijiji kilichukue, kilifanye darasa la kisomo cha watu wazima. Lisipotembea, linakatwa.

Kijiji kikakubali kazi ya kujitolea. Zamani zile watu walijitolea kweli, ingawa wengine walijitolewa na wake zao. Wiki tatu wanaume walibadilisha mbao zilizooza, sisi wanawake tukasugua kutu kwa mchanga wa ziwani. Grisi haikuwepo Nshamba wala Bukoba mjini, kwa hiyo mzee akatuambia tuloweke matambara katika mafuta yoyote na kuyashindilia penye ekseli. Nikatoa samli niliyomficha mume wangu, Ndyamukama. Jirani yangu Kokwijuka akatoa aliyonificha mimi. Behewa likanukia kama harusi.

Jumamosi ikafika. Wanaume wakatandika nyasi mbichi ndani, kama nyumba yoyote mpya, na Josia, mkubwa wa ukoo, akaingiza mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Katika ukoo wetu, aliyeketi kwenye rubisi ya kufungulia nyumba hainuki mpaka mtungi ukauke, la sivyo nyumba inakosa baraka. Wakaingia wote kumi na wanane, wakaketi. Hakuna aliyekumbuka kwamba hao ndio wasukumaji.

Saa sita kasoro dakika kumi, bwana wa gati akafika na karatasi yake. Mzee alikuwa nje peke yake, anakagua magurudumu.

"Wasukumaji wako wapi, mzee?"

"Wako kwenye baraka, waitu," mzee akajibu kwa adabu ya kwetu.

Nikachungulia mlangoni. Rubisi ilikuwa bado shingoni mwa mtungi.

"Ndyamukama, tokeni."

"Josia amekataza. Nusu saa tu, Mama Saburi."

Nusu saa ya mwanamume penye mtungi naijua. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameegemeza bega lake behewani, anasukuma peke yake. Bega la miaka sabini. Miguu ilikuwa inateleza kwenye kokoto, naye anairudisha.

Nikafunga kanga kiunoni. Nikamwita Kokwijuka, nikamwita Alistidia, na wote waliokuja na vyungu vya ndizi.

"Nyie humo ndani," nikasema, "kunyweni taratibu. Mnaongeza uzito."

Tukasukuma. Halikutikisika. Tukasukuma tena, likakoroma kama mume anayeamshwa aende misa ya kwanza. Mara ya tatu likaanza kwenda.

"Nani anasukuma?" Josia akauliza kutoka ndani.

"Baraka," akajibu Kokwijuka.

Mzee akatembea kando yake, kiganja kwenye ubao, bila kuegemea, kama mtu anayesindikiza ng'ombe anayeijua njia. Mwisho wa reli likagota na kutulia. Bwana wa gati akatia sahihi, akasema, "Na abiria juu."

Wanaume wale hadi walipozeeka walisimulia jinsi walivyolifikisha behewa. Sikuwabishia. Kufika, kweli walifika nalo.

Walimwita mzee aonje rubisi iliyobaki. Hakuja. Alizunguka upande wa pili wa behewa, akakaa kivulini mwake, na sisi wanawake tukajifanya tunatafuta vyombo mpaka amalize kulia.