Vidole Viwili vya Kola

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na kila kola aliyonishonea ilinipwaya. Shuleni walinicheka, eti naweza kuficha daftari humo ndani. Nikirudi nyumbani nimenuna, shangazi, pini mdomoni, alinijibu neno lile lile: "Nyota yako Ng'ombe, mwanangu. Na Ng'ombe makao yake ni shingoni."

Mambo ya nyota aliyasoma kwenye magazeti aliyokatia violezo vya nguo. Ya chakra, yaani vituo vya nguvu mwilini, alifundishwa na mteja mmoja, mwalimu wa yoga, aliyekuja kupunguziwa suruali akapiga soga hadi jioni. Tangu siku hiyo tepu ya shangazi ikawa na vituo: kitovuni nguvu ya mtu, kifuani mapenzi, kooni kusema kweli. Kila kituo alisimama na kumhubiria mteja. Wateja walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri. Mimi niliona haya. Leo ningetoa chochote nisikie mahubiri yale tena.

Alipofariki aliniachia chumba chake cha kushonea, cherehani na daftari la vipimo. Wiki iliyopita kaka yangu alikuja kupimwa koti. Nikiwa nampima mabega akasema, "Jumatatu naleta mifuko ya saruji humu. Wewe utashonea ukumbini." Hakuuliza. Hajawahi kuuliza, maana tangu utotoni sijawahi kumkatalia kitu, kuanzia baiskeli yangu hadi kitanda changu cha dirishani.

"Sawa, kaka," nikasema.

Alipoondoka nilifungua daftari niandike vipimo vyake, nikaangukia ukurasa wangu. Ulianza nikiwa na miaka saba. Kiuno, kifua, mikono, vyote sawasawa. Shingo pia ilikuwa sahihi kila mwaka, ila pembeni yake shangazi aliandika: "Ongeza vidole viwili. Huyu hajui kukataa. Sauti ipate pa kupita."

Nililia, sifichi. Miaka yote hiyo nilidhani macho yake yamechoka.

Jumatatu kaka alifika na gari la mizigo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimevaa gauni la mwisho alilonishonea shangazi.

"Sogea, mdogo wangu, mzigo mzito huu."

"Hapana, kaka. Humu hauingii."

Akanitazama juu hadi chini. "Unaumwa?"

"Siumwi. Hiki ni chumba changu cha kazi. Koti lako litakuwa tayari Ijumaa."

Alingoja nicheke. Sikucheka. Mwishowe akamwambia dereva ageuze, akaondoka akinung'unika kwamba cherehani imenipanda kichwani.

Niliingia ndani, nikafungua ukurasa wangu. Chini ya mwandiko wa shangazi nikaandika tarehe, kisha: "Imepita, shangazi."