Majivu kwenye Kioo cha Ndege

Masika ya mwaka 2014 ndege ndogo ya wagonjwa ilitua Kibondo kumchukua mwalimu Anifa, mtu wa Tanga aliyepangiwa kufundisha Busunzu. Mimba yake ya miezi minane ilikuwa inatoa damu, na daktari alitaka awahi Mwanza. Uwanja hauna taa. Jua likizama, hakuna kuruka.

Mimi, mzee msafiri, nilifika pale uwanjani kwa miguu, maana lori lililonitoa Kasulu lilinasa kwenye tope. Rubani, Kapteni Yusuph, alikuwa amekwenda hospitali kumfuata mgonjwa. Mlinzi wa uwanja, Makarius, akaona kioo cha mbele kimegandwa na wadudu. Akaleta majivu na kipande cha gunia. Huku kwetu chimni ya taa ya chemli husuguliwa kwa majivu mpaka ing'ae, na yeye akasugua hivyo hivyo, kwa moyo wote.

Gari la hospitali likarudi. Yusuph akashika kichwa.

"Umefanya nini, Makarius?"

"Nimekusafishia, mkubwa."

"Kwa kitu gani?"

"Majivu."

"Bwana wee! Hicho si kioo, ni plastiki!"

Akaingia akakaa kwenye kiti chake. Upepo ulitoka magharibi, na ndege huruka ikiukabili upepo, kwa hiyo ilimpasa aruke akilitazama jua, na jua lilipopiga ile mikwaruzo, mbele yake pote pakawa peupe kama maziwa. William, mumewe Anifa, akauliza, "Tunaondoka?" Anifa alikuwa amelala kwenye machela, midomo imepauka.

Yusuph akatoa kopo la dawa ya kung'arishia na vitambaa laini vya pamba, akatugawia.

"Kwa sababu ni laini imekwaruzika," akasema. "Kwa sababu hiyo hiyo itang'arika. Twende, polepole, msikandamize!"

Makarius jasho linamtoka, lakini mdomo haukutulia. "Plastiki? Yaani kapteni unapeleka watu mawinguni umejikinga kwa ndoo?"

"Kwa ndugu yake ndoo, ndiyo. Ndugu wa dumu pia, na wa hizo kandambili zako. Ni ukoo mmoja: chembe ndogo zimeshikana minyororo mirefu. Ukibadilisha chembe na namna ya kuziunga, unapata kitu kingine. Hii ni akriliki."

"Si mngeweka kioo tu?"

"Kioo ni kizito. Tena ndege wa porini akikigonga, vipande vinaweza kuniingia machoni. Hii nyepesi, na ina uvumilivu."

Nilisugua nikiwaza. Nimebeba maji kwa madumu tangu ujana, nimelala chini ya maturubai ya plastiki ya kambini na wakimbizi mvua ikinyesha usiku kucha, na sikuwahi kuvipa heshima vitu hivyo. Kumbe ukoo huu una mtoto anayepasua mawingu! Chini ya kitambaa changu ule ukungu ulikuwa unaondoka, na milima ya Burundi ikaonekana ng'ambo, safi, kama hakuna kitu katikati.

Yusuph akakaa tena kitini, akalitazama jua. Pembeni lilibaki doa kama kiganja.

"Hilo halinizuii. Njia naiona. Mpakieni mama."

Wakaruka jua likiwa limegusa vilima, wakageuka kuelekea Mwanza. Makarius alisimama mpaka mngurumo ukapotea, hakula, hakukaa.

Asubuhi William akampigia simu. Makarius akasikiliza, kisha akanipigia kelele mimi niliyelala kwake, niliye karibu yake kabisa:

"Mzee! Mtoto wa kike! Na mama yake anataka uji!"