Mzigo wa Viazi Kutoka Kipese

Siku mambo yote yaliharibika ilikuwa siku ya tatu ya juma, tarehe 13 mwezi wa tatu 2024, katika depo moja ya kahawa pale Butembo. Asubuhi Lusenge alikuwa chargeur mwenye mabega mawili, mtu wa kupakia gunia kwenye kamio, yale malori makubwa, tangu ujana. Jioni alikuwa na bega moja.

Watu wa ofisini wanasema "magunia yalianguka," kama vile magunia yana miguu. Ukweli ni kwamba gérant, mkubwa wa depo, alitaka kamio ifike mpakani Kasindi mbele ya bei kugeuka. Wapakiaji walimwambia, "Patron, huu ukuta wa gunia umekuwa murefu, unacheza." Yeye alikuwa amesimama mlangoni na simu sikioni. Akaonyesha juu kwa kidole: ongeza. Wakaongeza. Kidole cha mkubwa hakikupata hata mkwaruzo. Bega la kuume la Lusenge ndilo lilivunjika.

Lusenge alikuwa mjane. Mke wake alikuwa amelala kaburini miaka mingi, watoto walikuwa wameolewa mbali, na nyumbani hakukuwa hata mtu wa kumfungia vifungo vya shati. Mtu huyo alitokea sokoni. Kahongya, mjane naye, muuza maharagi, alimpelekea sahani kwa sababu ya huruma. Kesho yake akampelekea ingine kwa sababu ya kutaka sahani yake. Nyuma ya majuma machache alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia:

"Weye Lusenge, unakula kama mutu iko na mabega tatu."

Kutoka hapo mambo yalienda mbio. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza walikuwa wamekubaliana kuoana. Kulibaki watu wawili wa kuridhisha.

Wa kwanza ni Éliakim, kaka mkubwa wa Kahongya, mlimaji wa viazi kule Kipese. Éliakim alikuwa amesikia kwamba dada yake anaenda kuolewa na mkono uliokufa, na alikuwa ametuma neno: nakuja kuuona kwa macho yangu, na kama haubebi kitu, dada yangu anarudi na mimi.

Wa pili ni Kabongo, agent wa assurance, ile bima ya depo, mtoto wa Kasai aliyetumwa kufanya kazi Beni. Tangu siku ile ya gunia, assurance ilikuwa inamlipa Lusenge theluthi mbili za mshahara wake, kwa sababu munganga wa hospitali alikuwa ameandika kwamba hawezi kazi yoyote kwa muda. Lakini sasa munganga aliandika kingine: mfupa unashikana, mkono haupandi kupita kifua, mais kazi nyepesi anaweza. Donc Kabongo alikuwa anakuja kuona mtu huyu anaweza nini, ili assurance ikate.

Ndiyo taabu ilikuwa hapo. Ile pesa ndiyo ilikuwa inamlisha Lusenge, tena ndiyo ilikuwa inanunua mbuzi za mahari, moja moja. Asipoonekana mwenye nguvu, Éliakim anamnyima mke. Akionekana mwenye nguvu, Kabongo anamnyima mbuzi. Na kumbuka, hakuwa anadanganya mtu: mkono ulikuwa hauinuki kweli.

Hata hivyo angeweza kumaliza kila mmoja na siku yake. Kabongo alipaswa kufika siku ya pili ya juma. Lakini barabara ya Beni, ile ambayo wakubwa wanaahidi kuitengeneza tangu wenye ndevu za leo walipokuwa mugongoni mwa mama zao, ilimeza gari lake kwenye matope. Akafika siku ya posho, mwisho wa juma, koti limepigwa pasi, viatu vimekuwa vya udongo mtupu. Na wakwe walikuwa njiani.

"Papa Lusenge, malembe tu, hatutakawia," Kabongo alisema akijiweka kwenye kiti kizuri, kile kilichoazimwa kwa jirani kwa ajili ya Éliakim. "Unaweza kulinda mulango?"

"Mulango gani?"

"Mulango yoyote. Kukaa, kuangalia nani anaingia, kufungua na mukono ya kushoto."

"Naweza. Mais nani ananiita nilinde mulango yake?"

"Hatuangalie kama balikuita. Tunaangalia kama unaweza. Assurance hailipe mukono, papa. Inalipa kile mukono ilikuwa inaleta nyumbani na sasa hailete. Kama unaweza kupata mushahara ya sentinelle, mulinzi, tunatosha ile, tunaiondoa, tunakulipa kipande kimoja ya kile kinabakia."

"Hata kama ile mushahara ya sentinelle sikuiona na macho?"

"Hata."

Lusenge alimwangalia sana. Alikuwa anajua watu wa serikali kukata pesa ambayo mtu amepata. Kukata pesa ambayo hajapata, hiyo ilikuwa akili mpya. Lazima iliwaziwa na mtu aliyekaa kwenye kiti laini, nyuma ya kula vizuri.

Alikuwa anatafuta jibu la adabu wakati nyimbo zilisikika njiani.

Wakwe waliingia kwenye kiwanja wakiimba. Éliakim mbele, mrefu, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nyuma yake mdogo wake Zorobabel na fimbo ingine. Nyuma ya Zorobabel, Kahongya na kitenge kipya, macho chini kama vile nyumba hii hajawahi kuiona. Na nyuma yao wote Kyakimwa, bibi ya Éliakim, mke wake wa ndoa, ameinama, gunia la viazi mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso kama wamama wa milimani wanavyobeba. Wanaume wawili walikuwa wamebeba fimbo.

Kwa kina Éliakim kulikuwa na desturi yao ya nyumba. Zawadi ya wakwe haiwekwi chini. Anayetaka kuoa anaitosha mgongoni mwa aliyeileta, anaifikisha jikoni mwenyewe, udongo usiiguse. Kahongya alikuwa amemweleza Lusenge mapema; Éliakim hakueleza kitu. Alisimama kando, akamwonyesha Lusenge gunia kwa fimbo.

Lusenge alitoka nje. Nyuma yake Kabongo alitoka pia, papye yake ya kuandikia mkononi, kuona kuna nini.

"Shemeki," Éliakim alisema, "bibi yangu anachoka."

Lusenge aliangalia gunia. Akaangalia papye ya Kabongo. Akaangalia Kahongya, ambaye sasa alikuwa ameinua macho.

Na hapo ndipo malezi mema ya Kasai yaliharibu kila kitu. Kabongo aliona mama mzima amesimama na mzigo mbele ya wanaume, mmoja wao mgonjwa, wengine hawatikisiki, akasikia haya kwa niaba yao. Aliweka papye mfukoni.

"Pardon, mama. Lete."

Akalikumbatia gunia, akalitosha mgongoni mwa Kyakimwa, akalisimamisha juu ya kifua chake, koti na pasi yake vikafa pale pale. "Jikoni iko wapi?"

Éliakim alimpima Kabongo kutoka viatu mpaka kichwa.

"Kumbe bwana-arusi ni huyu? Balituambia iko Munande."

"Iko na koti, yaya," Zorobabel alisema. "Mukono zote mbili zinatumika. Mimi naona tumupe tu."

"Dada, weye unasema nini?" Éliakim aliuliza.

Kahongya alijifanya anafikiri. "Sura iko nayo," alisema. "Anakula sana?"

Majirani waliokuwa juu ya ukuta wa miti walipasuka kicheko. Kabongo aligeuka rangi. "Mais mimi niko na bibi! Niko na batoto Beni! Nilikuja juu ya assurance!"

"Rudisha muzigo!" Lusenge alipiga kelele.

"Papa?"

"Rudisha kwenye mugongo ya mama ulikoutosha! Nani alikuita kwenye ndoa yangu? Bega mulivunja, pesa mutakata, sasa na bibi mubebe?"

Kabongo alirudisha gunia haraka kuliko alivyolichukua. Lusenge alisogea nyuma ya Kyakimwa. Alijua vizuri kwamba mkono wa kuume hautasaidia, na wa kushoto peke yake hauwezi kukumbatia gunia kama lile. Akageuka, akampa Kyakimwa mgongo, mgongo kwa mgongo na gunia katikati, akapiga magoti kidogo, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, nivalishe kamba."

Kyakimwa alicheka mpaka mzigo ukatikisika. "Papa, mwanaume habebake hivi!"

"Leo anabeba."

Kahongya mwenyewe ndiye alikuja, akaitosha kamba kwenye paji la uso la Kyakimwa, akaipitisha kwenye la Lusenge. Gunia likahama. Macho ya Lusenge yalitoka, shingo ikaingia ndani ya kifua.

"Shingo, papa, shingo!" Kyakimwa alimfundisha akitembea kando yake. "Hapana kutafuta mabega, hapa mabega haina kazi! Angalia chini! Tembea kama mutu anatafuta sindano!"

Lusenge alitembea kama mtu anatafuta sindano. Alivuka kiwanja chote, ameinama, mkono wa kushoto umeshika kamba, wa kuume umelala kifuani, vicheko vikimfuata juu ya ukuta, na mwanamke mmoja jirani akimpigia vigelegele kama vile ni bibi-arusi. Akapita kwenye mlango wa jiko. Akashuka polepole mpaka gunia likakaa juu ya mawe ya moto uliozimika, wala udongo haukuviona vile viazi.

Aliporudi, alama ya kamba ilikuwa nyekundu kwenye paji lake. Éliakim alikuwa amekaa chini, anafuta machozi kwa kofia.

"Nimeona banaume ya mabega," alisema alipopata pumzi. "Haya ikibakuta, banakimbia. Huyu amevaa haya kwenye kichwa na anatembea nayo mbele ya batu. Kahongya, kaa naye. Juu ya mbuzi tutazungumuza, mais kaa naye."

Vigelegele vikapanda. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikamwagwa kwenye vikombe. Lakini Lusenge hakunywa mara moja, kwa sababu alikuwa amemwona Kabongo akitosha papye mfukoni na biki ya kuandikia.

"Umeona, chef," alisema.

"Nimeona, papa. Siwezi kusema sikuona." Sauti yake haikuwa na furaha. "Lazima niandike: anaweza kubeba."

"Andika namna alibeba," Éliakim alisema.

Kabongo aliandika, akafika kwenye nafasi ya mwisho, biki ikasimama. Pale palikuwa panaulizwa: mshahara ambao mtu huyu anaweza kupata kwa kazi hiyo. Aliangalia karatasi yake ya bei. Sentinelle alikuwamo. Mfagiaji alikuwamo. Chargeur wa mabega alikuwamo.

"Wamama wa soko banalipwa ngapi kubeba hivi?" aliuliza.

"Nyanya za kuoza," Kyakimwa alisema. "Na matusi."

"Donc nikiandika bei ya wamama, assurance inabakia na mengi ya kulipa. Mais yeye haiko mama."

"Andika bei ya banaume basi," Zorobabel alisema.

"Mwanaume gani analipwa kwa kazi hiyo? Wapi? Nani atamuita?"

"Ah!" Lusenge alisema. "Sasa munaangalia kama banaita?"

Kabongo alikuna kichwa, akapigia mkubwa wake simu, Madame Julienne wa Beni, sauti nje ili wote wasikie. Madame alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama Kabongo amekunywa. Akaambiwa hapana, bado. Kisha akasema jambo hili linapita ofisi yake, ataliuliza kule juu, na mpaka wajibu, papa alipwe kama zamani.

Lusenge sasa alikunywa.

Ndoa ilifanyika mbele ya Noeli. Madame Julienne aliuliza wakubwa wake, wakubwa wake wakauliza wakubwa wao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Lusenge aliomba Mungu ofisi za juu ziendelee kulala. Bega linapona polepole. Kahongya analikanda kila asubuhi, akimtukana. Na kila mwisho wa mwezi Kabongo anapiga simu kutoka Beni, anasalimia nyumba yote, anauliza habari za shingo, kisha anauliza, kwa heshima, kama mtu huku Butembo hajasikia bado:

"Papa Lusenge, mwanaume mwenye kubeba na kichwa, analipwakapo ngapi?"