Mfalme Aliyezaliwa na Mkunjo

Mjukuu wangu alisoma mpaka kusoma kwenyewe kukamwogopa. Alianza na shahada ya kwanza, akaja ya pili, akamaliza na ile ya uzamivu inayomfanya mtu aitwe daktari, lakini ukiumwa kichwa hana msaada. Alisomea historia ya kale, habari za watu waliokufa zamani hata makaburi yao yamekufa. Mimi niliishia darasa la saba, ila kazi yake niliielewa, maana aliifanyia kitandani kwangu. Chumba chake hakikuwa na nafasi.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwenye ghala la makumbusho kuna jiwe kubwa lenye maandishi ya kuchongwa. Unalitandikia karatasi nzito iliyoloweshwa, unaipiga kwa brashi mpaka iingie ndani ya kila herufi, unaiacha ikauke, kisha unaibandua. Inatoka na matuta ya herufi mgongoni. Jiwe linabaki ghalani, wewe unarudi nyumbani na sura yake. Basi alizitandaza karatasi hizo juu ya shuka langu, akazimulika tochi kwa ubavuni, akasoma.

"Mke mwenzangu," nikamwambia siku moja, maana ndivyo ninavyomtania, "nani huyu: hana ulimi, hajala tangu enzi na enzi, na bado anagombanisha wenye digrii?"

"Jiwe, Bibi. Hilo hata hujalificha."

"Nimekuonea huruma, msomi."

Alicheka, lakini kicheko cha mtu mwenye haraka. Mwaka ule ilitangazwa nafasi moja ya utafiti yenye ufadhili, miaka miwili ya mshahara, kwa wanazuoni chipukizi. Chipukizi kwao ni mtu ambaye uzamivu wake haujapoa. Wa mjukuu wangu ulikuwa umebakiza mwaka huo tu; ukipita, asingeruhusiwa hata kuomba. Hajawahi kuajiriwa, na tayari anaambiwa amezeeka kazini! Akiikosa hiyo, angebaki kuokoteza vipindi shule hii na ile, na mawe ayasahau.

Jioni moja aliinamia karatasi kimya hadi nikadhani amesinzia.

"Bibi, Profesa amekosea."

Profesa huyo ndiye aliyemsimamia uzamivu. Mimi nilimwita Koti, kwa vile hata jua liwake vipi yeye halivui. Koti alipata jina kwa kitabu kinachosema kwamba jiwe lile lina amri mbili, za wafalme wawili, na katikati yao umepita mstari. Sasa mjukuu wangu alikuwa ametoka kulitazama jiwe lenyewe, akalipapasa kwa vidole. Mstari haupo. Karatasi ya Koti ilijikunja alipoibandua, huko ujanani kwake, naye akausoma mkunjo akidhani ni mstari.

"Kwa hiyo yule mfalme wa pili?"

"Hakuwahi kuzaliwa."

"Maskini! Na alivyotawala vizuri kitabu kizima!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Aliponyamaza, macho yalikuwa yanamwaka. Hiyo ndiyo hoja ya kumpa nafasi, hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

"Basi andika upeleke," nikasema.

"Siwezi kumruka. Kwetu mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele za watu kabla hajamwonyesha faragha. Na barua ya kunipendekeza anaandika yeye."

"Mwonyeshe ukishapata."

"Huo ni utovu wa adabu, Bibi."

"Adabu ni nzuri, mama. Lakini kuku hamwonyeshi kicheche alipotagia."

Akaenda. Alirudi uso umemnawiri. Koti aliinuka kitini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Binti yangu, umenistiri." Akaomba aachiwe picha na vipimo avitazame kwa utulivu. Akaachiwa.

Siku ya usaili nilimpigia pasi blauzi mwenyewe. Alirudi mapema mno. Alivua viatu mlangoni, akabaki amevishika mkononi kama hajui vinawekwa wapi.

"Wameniuliza kama sijui kwamba hoja yangu imeshachapishwa," akasema. "Mama mmoja wa jopo alikuwa na jarida jipya mezani. Mkunjo wote umo humo, Bibi. Profesa ameandika kwamba amejisahihisha mwenyewe. Wamemsifu mbele yangu, eti ni wachache wenye ujasiri huo."

"Na wewe hukusema ni wako?"

"Nilisema. Yule mama akanifungulia ukurasa wa mwisho. Profesa ananishukuru kwa kupiga brashi."

Nilikaa. Mtu kakosea akapewa sifa, kasahihishwa akapewa sifa tena. Huyo panya anauma na kupuliza, na wenye nyumba wanamshukuru kwa upepo!

Nafasi alipewa kijana mmoja wa mbali, anayesoma mawe kwenye kompyuta. Simlaumu, simjui. Wiki haijaisha, Koti akapiga simu. Simu ya mjukuu wangu ina sauti ya kipaza, nikasikia yote.

"Binti yangu, usikate tamaa. Mwenzako aliyepata hajawahi kushika brashi. Njoo umfundishe, miezi michache tu. Malipo hakuna, lakini utaonekana."

Nikamwashiria: kata! Hakukata.

"Ghalani nitaingia?"

"Ukiwa naye, ndiyo. Ufunguo si unajua uko kwangu."

"Nitakuja Jumatatu, Profesa. Asante."

"Asante ya nini?" nikamfokea, simu bado iko sikioni kwake. Kama Koti alisikia, na asikie. "Ya nini?"

"Upande wa chini wa lile jiwe kuna mistari mitatu ya maandishi, haijawahi kusomwa na mtu. Nisipokwenda, ataisoma nani?"

"Na ukiisoma wewe, atachapisha nani?"

Alifunga macho, akayafungua, akaniomba nisogee apite.

Jumatatu aliondoka bila kunywa chai. Pale mlangoni alinipa shikamoo ya mtu anayekwenda msibani. Nikamwitikia marahaba, kwa sababu ndilo jibu lake, nikarudishia mlango.