Wenye Meno Mabovu Wapumzike Nyumbani

Ukitaka kujua jambo la mtaa wa Langas, usisumbue chifu. Nenda saluni ya Warigia, ukae kwenye benchi, utaambiwa hata yale hukuuliza. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa, chai iko kwenye thamosi, na Warigia alikuwa amefika katikati ya kusuka kichwa cha Jepkemboi. Lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto. Tabby, bintiye wa miaka mitano, alikuwa amejilaza kwenye kona, shavu limevimba kama ameficha andazi. Gego lilikuwa limetoboka, na maji ya chumvi yalikuwa yameshindwa. Heri hata, Warigia akawa anawaambia wateja, mwalimu ameona huruma: jana Madam Lynette, mwenye shule ya nasari, alituma ujumbe kwamba leo Tabby apumzike nyumbani.

Awuor, muuza mboga, ambaye alikuwa ameingia kunywa chai ya watu tu, akasema hata mtoto wake ameambiwa apumzike. Na si mgonjwa. Yuko kibandani anarushia kuku nyanya.

Hapo Fatuma wa duka la jirani akaweka kikombe chini. Akauliza kama kweli hawajui leo ni siku gani. Mwanawe Osman ameondoka asubuhi amepakwa mafuta mpaka ndani ya masikio, anaenda shuleni kumwimbia daktari wa meno. Daktari amekuja na gari lake, anaangalia watoto bure, mwenye jino la kuziba anazibwa, mwenye la kung'oa anang'olewa.

Benchi zima likageukiana. Kisha wakaanza kuulizana. Yule wa fundi viatu, anayetafuna upande mmoja? Ameambiwa apumzike. Yule wa Mama Munene, akicheka unaona visiki? Apumzike. Na wale wenye meno kama mahindi mabichi? Wote wako shuleni, wanaimba. Fatuma akakumbuka Madam alivyojisifu dukani kwake kwamba wageni watapiga picha, na picha zikitoka vizuri, hata wazazi wa mitaa ya matajiri wataleta watoto kwake.

"Daktari anakuja, yeye anaficha wagonjwa," Warigia akasema.

Akaweka kitana chini na kumbeba Tabby. Jepkemboi akashika kichwa chake, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama kama nyasi za kule Moi's Bridge, akauliza sasa yeye atabaki hivyo.

"Kuja nazo hivyo hivyo," Warigia akamwambia. "Leo hakuna anayeangaliwa nywele."

Wakashuka njia wote wanne, na kila aliyewauliza wanaenda wapi alijibiwa na Awuor, kwa sauti, kwa urefu.

Walipofika shuleni, daktari, kijana mwembamba aliyekuwa na mswaki wa kufundishia mkubwa kama mwiko wa ugali, alikuwa anafunga sanduku lake. Alikuwa amemwambia Madam kwamba hajaona vinywa safi namna hii, na kwa kuwa hapa hakuna kazi, watasogea shule nyingine. Madam Lynette alikuwa anashukuru kwa mikono miwili.

Kuona msafara ule, tabasamu likamganda. Akamshika Warigia kiwiko kwa adabu. "Mama Tabby, tuongee ofisini."

"Ofisini hakuna daktari."

Madam akaeleza kwamba aliwaonea watoto huruma, kwamba mtoto mwenye maumivu hawezi kukaa juani. Warigia hakungoja amalize. Alimpita, akamsimamisha Tabby mbele ya yule kijana na kumwambia mtoto afungue mdomo. Hapo Madam akaacha adabu.

"Si ni wewe unamnunulia switi ndio anyamaze ukisuka watu? Makosa ya nyumbani usiyaletee shule yangu."

Awuor akaangalia chini. Langas nzima iliona zile switi.

"Ni mimi," Warigia akasema. "Kwa hivyo mtoto aoze ndio mimi nijifunze? Na zile biskuti unawauzia hapa saa nne, hizo ni sukuma wiki?"

Daktari alikuwa amewasha tochi. Aliangalia kwa muda, na uso wake ukabadilika. Akasema chini ya jino kuna usaha, na usaha hauulizi kama jino ni la maziwa. Ukiachwa unasambaa mpaka mtoto analazwa. Litoke leo. Kisha akamgeukia Madam akauliza kama kuna wengine. Madam akasema hakuna. Awuor akacheka kicheko kibaya na kuanza kuwataja, akianza na wake.

Daktari akafungua sanduku tena. Akasema waletwe wote, atangoja.

Fatuma na Awuor wakatoka mbio kwenda kuita. Jepkemboi ndiye aliyemwona Madam akimnong'oneza askari wa lango kwamba alifunge, asiingie mtoto asiye na sare. Akamgusa Warigia. Warigia akavuka uwanja, akaegemeza mgongo kwenye mlango mmoja wa lango na kuweka mguu kwenye mwingine. Askari alimwangalia, akaangalia ule mguu, akaenda kuketi.

Ndipo daktari akaita Tabby.

Warigia akapima umbali kutoka langoni mpaka kile kiti. Akimfuata mtoto, lango litafungwa nyuma yake.

"Jepkemboi, nishikie mtoto."

Jepkemboi akaenda na nusu kichwa chake, akampakata Tabby. Sindano ya ganzi ikaingia, na kilio kikapanda juu ya wimbo wa meno, watoto wakaacha kuimba. Tabby alikuwa anaita mama yake. Warigia aliuma midomo, machozi yakamshuka, mguu haukutoka.

Madam Lynette alikuja akasimama mbele yake, sauti laini kama uji wenye siagi. "Mtoto anakuita, Mama Tabby. Nenda umshike."

"Namsikia," Warigia akasema. "Na wewe simama hapo hapo, umsikie vizuri."

Barabarani, Awuor alikuwa anakuja anahema, mtoto mgongoni, na nyuma yake akina mama wengine wakiwavuta watoto wao kwa mikono.